Karatasi Zilizoingia Mfukoni mwa Mchungaji

Kila Jumamosi, nikishamaliza kufua sare yangu na kuianika, nilikwenda kanisani kukunjua karatasi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu tangu nilipoingia darasa la tano. Mlangoni mwa kanisa letu kulikuwa na sanduku la mbao lenye tundu juu na kufuli ubavuni. Mtu yeyote mwenye shida aliandika ombi lake bila jina, akalitumbukiza humo. Jumamosi mchungaji alilifungua, mimi nikazikunjua karatasi na kuzinyoosha kwa kiganja. Jumapili mtoto mmoja alisimama mbele akazisoma moja moja, na kila ombi likiisha watu wote waliitikia, "Bwana, tusikie." Mara nyingi mtoto huyo alikuwa mimi, kwa sababu sikuwa na haya na sauti yangu ilifika mpaka viti vya nyuma.

Nyumbani waliniita Mpelelezi. Nikiambiwa kesho hakuna shule, niliuliza nani kasema, na huyo aliyesema kaambiwa na nani. Muuza duka akiniambia chumvi imekwisha, nilichungulia rafu kwanza. Mama alinitania kwamba siku ya harusi yangu nitamdai bwana harusi kitambulisho. Tuliishi wawili tu, mimi na yeye, na nilijiona mlinzi wa nyumba.

Ofisi ya mchungaji ilikuwa zamani stoo ya viti. Kulikuwa na meza moja, feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza, na dirisha lililotazama ukuta wa kiwanda cha kufua nguo. Kiwanda kile kilifua mashuka ya hospitali na ya hoteli, na akina mama wengi wa kanisa letu walifanya kazi humo, Mama akiwemo. Mchungaji alikuwa na mwaka mmoja tu kwetu. Alikuwa mtu mwembamba, mcheshi, asiyejua kuimba na asiyejua kwamba hajui. Nilimpenda, lakini kwangu kumpenda mtu na kumwamini ni mambo mawili.

Jumamosi moja, katikati ya maombi ya mitihani na ya watoto wenye homa, nilikunjua karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi. Mwandishi aliomba aombewe kifua, kwa kuwa akitoka kwenye pasi kubwa ya kiwandani hakosi kukohoa mpaka machozi yanamtoka. Nikaiweka kwenye fungu la Jumapili. Mchungaji akaichukua, akaisoma mara mbili, akaikunja mara nne na kuitia kwenye mfuko wa shati.

Nilimuuliza kama hiyo hatutaisoma. Akasema, "Hii ina njia yake," kisha akaniuliza habari za hesabu, kana kwamba mimi ni mtoto wa kuzubaishwa na hesabu.

Wiki iliyofuata zikaja mbili zaidi. Moja ililalamikia madirisha yaliyopigiliwa misumari ili vumbi lisiingie kwenye nguo safi, na nyingine ilitaja kizunguzungu. Zote mbili ziliingia mfukoni. Mara hii sikuuliza. Nilijumlisha mwenyewe, na nilipojumlisha sikupenda jibu.

Mwenye kiwanda alisali kwetu. Tulimwita Mzee Sabuni, bila yeye kusikia, kwa sababu alipopita aliacha harufu ya nguo mpya. Alikuwa mzee wa kanisa na alikaa kiti cha mbele kabisa, upande wa kulia. Vipaza sauti vya kanisa alivinunua yeye. Majoho ya kwaya na vitambaa vya meza ya Bwana vilifuliwa kiwandani kwake bure, vikarudi vimenyooka na kung'aa. Ni nani angesimama mbele ya mtu kama huyo kusoma kwamba wafanyakazi wake wanakohoa? Nikasema moyoni, mchungaji wetu katiwa mfukoni pamoja na zile karatasi.

Jumatano nikapata ushahidi. Nilikuwa natoka shule na rafiki yangu, ambaye tulimwita Redio kwa sababu ya kutozimika. Tulipofika kwenye geti la kiwanda tukamwona mchungaji akishuka kutoka kwenye gari la Mzee Sabuni. Alikuwa amekumbatia furushi kubwa lililofungwa kwa karatasi ya kaki. Walipeana mikono, Mzee Sabuni akampiga piga begani, na wote wawili wakacheka kicheko kifupi.

Redio akaniuliza furushi lile lina nini. Nikamwambia sijui, ila mtu hapewi furushi bure. Nikamweleza na habari ya karatasi. Nilimsihi asimwambie mtu, jambo ambalo kwa Redio ni sawa na kumwomba atangaze.

Jioni nilimwambia Mama niliyoyaona. Alikuwa ameketi kitandani akijipaka mafuta ya mgando mikononi, kidole baada ya kidole, amenipa mgongo. Akasema nisimseme mtu ambaye sijamsikia, na kwamba mambo ya kazini ni ya watu wazima. Aliificha mikono yake ndani ya kanga alipogeuka. Niliona anaficha, nikadhani ananificha habari za mchungaji, maana wakati ule nilikuwa nashuku kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa mbele ya macho yangu.

Jumamosi ya tatu nilikunjua karatasi moja. Niliujua mwandiko ule tangu nianze kusoma. Ulikuwa wa Mama, ila herufi zilikuwa zimelegea na kupanda kushuka.

Karatasi ilisema: "Mwombeeni mama anayeloweka mashuka yenye madoa. Dawa ya kutoa madoa imempasua vidole, hata kufunga vifungo vya blauzi hawezi. Ameomba glavu mara tatu, ameambiwa avumilie. Hataki mtoto wake ajue."

Niliisoma tena na tena. Nilisikia uchungu, kisha uchungu ukageuka hasira, na hasira ikamwelekea mchungaji aliyekuwa kasimama pale akipangusa miwani. Akanyoosha mkono. Nikampa, sikuwa na la kufanya. Akaisoma, uso ukambadilika, akaitia kwenye bahasha nyeupe iliyokuwa kwenye droo. Ndani ya bahasha niliziona nyingine, zile za mfukoni. Muda mfupi baadaye fundi seremala akamwita nje waangalie benchi lililovunjika.

Droo haikuwa na ufunguo. Nilijiambia kwamba karatasi ya Mama si mali ya mchungaji, na kwamba kuchukua kilicho cha Mama si kuiba. Mtu akishaanza kujitafutia maneno ya namna hiyo, ujue anaiba. Niliichukua, nikaificha ndani ya soksi, na mchungaji aliporudi nilimuaga vizuri kabisa.

Jumapili kanisa lilijaa. Nilisoma maombi ya mitihani, ya homa, ya mume aliyesafiri na hajatoa habari. Watu wakaitikia. Kisha nikaitoa ile karatasi nyingine, nikamtazama Mzee Sabuni usoni, nikaisoma yote kwa sauti yangu inayofika nyuma.

Hakuna aliyeitikia. Mchungaji alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti chake, kachelewa. Mzee Sabuni aligeuka polepole akatazama upande wa akina mama. Kwenye zamu ya asubuhi aliyeloweka mashuka yenye madoa alikuwa mmoja tu, na kila mtu mle ndani alimjua. Nami nilimtazama, nikitarajia kuona shukrani. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, mikono kaibana kwapani, na mabega yanamtetemeka. Hapo ndipo kitu kilipoanza kuniambia kwamba nimekosea.

Jumatatu niliporudi kutoka shule nilimkuta Mama nyumbani. Msimamizi alikuwa amemwambia, saa nne asubuhi, apumzike mpaka atakapoitwa. Hakuambiwa ni lini. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, bado kavaa sare ya kazi. Sikuwa nimewahi kumwona Mama ameketi tu mchana bila kufanya kitu, na niliogopa kuliko ambavyo ningeogopa kama angenichapa.

"Karatasi ile niliitia kwenye sanduku ili Mungu aisikie na watu waniombee," alisema. "Sikuandika jina. Wewe umelisoma jina langu mbele ya bosi wangu, mwanangu, bila hata kulitamka."

Nilijitetea. Nilisema ni mchungaji aliyeficha, ni mchungaji anayeshirikiana na Mzee Sabuni, bila shaka ni yeye aliyempa jina la Mama. Mama alisema tu kwamba kazi ile ndiyo inayotulisha, na akaingia ndani.

Saa kumi mchungaji akabisha hodi. Nilifungua mlango kiasi cha pua yangu kupita, nikamwamkia, nikamwambia Mama kalala. Huo nao ulikuwa uongo. Mchungaji hakusukuma mlango wala hakuondoka. Aliketi kwenye kizingiti, akavua miwani.

"Mpelelezi," alisema, "uliza unachotaka kuuliza. Nitajibu chote."

Nikamuuliza kwa nini alizificha. Nikamuuliza na furushi lilikuwa na nini, na alicheka nini na Mzee Sabuni, na kwa nini maombi ya kifua yana njia yake na ya mitihani hayana. Nilimwuliza kwa ukali ambao mtoto hapaswi kumwonyesha mtu mzima, na yeye alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

Alianza na furushi. Lilikuwa majoho ya kwaya na vitambaa vya meza. Alivichukua kwenye gari la Mzee Sabuni na kumwambia kwamba kuanzia siku ile kanisa litafua vyake lenyewe, ili atakapokuja kumwambia neno zito asijibiwe kwamba anafuliwa bure. Mzee Sabuni aliona ni kichekesho, mchungaji kutaka kufua nguo kwa mikono yake. Ndicho kicheko tulichokisikia.

Kisha akanieleza njia. Bwana alifundisha kwamba ndugu akikosa, umwendee kwanza ninyi wawili peke yenu. Asiposikia, mchukue mmoja au wawili wakawe mashahidi. Akikataa hata hao, ndipo uliambie kanisa. Mchungaji alikuwa ameshamwendea Mzee Sabuni peke yake mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa kwamba mambo ya kiwanda hayahusiani na madhabahu. Hatua ya pili ilikuwa imepangwa Alhamisi. Angekwenda na muuguzi wa zahanati aliyekuwa akiwatibu akina mama hao, na pamoja nao wenyewe.

"Zilianza karatasi tatu," alisema. "Nilipozifuatilia nyumba kwa nyumba nikawapata wanawake sita. Kila mmoja aliniomba nisimsome kabla wenzake hawajawa tayari. Mmoja wanaweza kumfukuza bila shida. Mama yako angekuwa wa saba. Nilitaka kuzungumza naye jana baada ya ibada."

Wote walikuwa wamefichwa isipokuwa mmoja, na huyo mmoja nilikuwa nimemtoa hadharani mimi mwenyewe. Lakini ulimi wangu ulikuwa bado haujatosheka. Nikamwambia kwamba mtu anayetenda haki kwa kificho anafanana sana na mtu anayetenda dhuluma kwa kificho, na mimi ningetofautishaje?

Nilidhani ataniambia nina adabu mbovu. Badala yake alikubali. Alisema kila wiki nilikuwa nikizifungua karatasi zile kwa mikono yangu, nikiyajua machungu ya watu kuliko wazee wengi wa kanisa, na yeye alinijibu kama mtu anayemfukuza kuku. Alipaswa kuniambia ukweli, japo nusu yake. Hilo lilikuwa kosa lake na aliniomba radhi. Sikuwa nimezoea kuombwa radhi na mtu mzima, na sikujua nitazame wapi.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo. "Sasa tufanye nini?" aliuliza.

Mchungaji akasema kuna jambo baya zaidi ya lile la Mama. Mtaani tayari watu walinong'ona kwamba mchungaji kanunuliwa, kwamba kapewa furushi, kwamba ndiye aliyempa Mzee Sabuni jina la Mama. Wale sita walisikia. Wawili walikuwa wameshamtumia ujumbe wa kujitoa. Hakuwa na haja ya kuniuliza uvumi ule ulitoka wapi, na mimi sikuwa na haja ya kumtaja Redio, maana Redio ilitangaza tu nilichoipa.

"Wewe ndiye unayeweza kuirudisha imani yao," Mama aliniambia. "Utakwenda kwao, mlango kwa mlango, na utasema ulichofanya. Hutatia sababu. Utasema tu."

Jumanne na Jumatano baada ya shule tulizunguka, mimi na Mama. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kila mlangoni nilisema maneno yale yale: niliiba karatasi kwenye droo ya mchungaji, nikaisoma bila ruhusa ya Mama, nikasema mchungaji kanunuliwa bila kumuuliza. Wa kwanza alinipa maji ya kunywa na kuniambia hayo yamepita. Wa pili alinisuta mpaka majirani wakatoka. Wa tatu alikuwa mama wa pasi kubwa, mwandishi wa ile karatasi ya kifua. Alinitazama kwa muda mrefu, akamtazama Mama.

"Mwanao anasema uongo wiki iliyopita, anasema kweli Jumanne," alisema. "Mimi nimwamini wa siku gani?"

"Mwamini huyu aliyekuja kwa miguu yake," Mama alimjibu. "Na kama humwamini yeye, itazame hii." Akamwonyesha mikono.

Mama wa pasi kubwa alivuta sweta yake, akakohoa, akauliza Alhamisi ni saa ngapi. Kufikia Jumatano jioni wote sita walikuwa wamerudi. Mmoja alikiri kwamba kilichompa nguvu hakikuwa toba yangu. Aliona kwamba Mama kafukuzwa bila jina lake kuandikwa popote, basi kujificha kumebaki na faida gani?

Alhamisi saa kumi jioni tuliingia ofisi ya Mzee Sabuni. Ilikuwa ghorofani, na sakafu yake iling'aa kiasi kwamba akina mama walitaka kuvua viatu. Kulikuwa na meza ya kioo na mashine ya kupoza hewa. Wanawake saba walijipanga ukutani, muuguzi akaketi, mchungaji akasimama. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa na deni la maneno.

Nilisema la kwangu kwanza. Nilimwambia Mzee Sabuni kwamba Mama hakunituma, kwamba niliiba karatasi ile na kuisoma kwa hasira zangu. Alinitazama kwa macho ya mtu asiyeamini hata salamu. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba na yeye alikuwa na shuku zake: alidhani Mama na mchungaji walipanga kumwaibisha mbele ya watu, ili wazee wengine wamwondoe kwenye kiti chake. Kila mtu katika jambo lile alikuwa akimchungulia mwenzake kwenye tundu la ufunguo.

Muuguzi akaeleza aliyoyatibu. Mzee Sabuni akasikiliza huku akigonga gonga kalamu mezani, halafu akamgeukia mchungaji.

"Mchungaji, nakuheshimu. Lakini wewe shughulika na roho zao. Kiwanda niachie mimi."

"Mzee wangu," mchungaji alimjibu kwa sauti ya chini, "mikono hii ndiyo inayopokea mkate wa Bwana kila mwezi. Nikiweka mkate kwenye kiganja, unapakaa damu. Nimwambie Mungu kwamba sikuona? Nimwambie kwamba niliona, lakini ilikuwa mikono ya saa za kazi?"

Mzee Sabuni akasema atalifikiria. Nilijua jibu hilo, ni la watu wazima wanaotaka uondoke. Na hapo Mama, ambaye hakuwahi kumkatiza mtu, akatoka ukutani.

"Mzee, hatujaja kukutukana. Nimefanya kazi kwako miaka sita na mashuka yako hayajawahi kurudishwa kwa doa. Nakuomba kitu kimoja. Twende chini kwenye tangi la kulowekea, ukae pale kwa robo saa tu."

Alitaka kukataa, nilimwona. Lakini watu kumi walikuwa wakimtazama, na mmoja wao mtoto. Tukashuka. Kumbe hakuwa ameingia chumba cha kulowekea kwa miaka, alikuwa akiletewa ripoti tu. Chumba kilikuwa kidogo, madirisha yamepigiliwa, mvuke wa pasi kubwa ukiingia kwa mlango wa pili. Harufu ya dawa ilinipanda kichwani mara moja, macho yakaanza kuwasha. Mashuka mawili yalielea kwenye tangi. Msimamizi aliyekuwa hapo alisimama wima kama mwanafunzi aliyekutwa anachezea chaki.

Mzee Sabuni alisogea mpaka ukingoni. Akanyoosha mkono juu ya maji, akauacha hapo hewani. Hakuutia. Dakika ya tatu au ya nne akaanza kukohoa, akatoa kitambaa chake cheupe akaziba pua, na alipotoka nje macho yalikuwa mekundu. Sijui kama ni dawa au ni kitu kingine, na kwa tabia yangu ya zamani ningesema ni dawa.

Alisimama uani akitazama chini. Akamuuliza Mama kwa nini hakuja kwake moja kwa moja. Mama akamwambia alimwomba msimamizi mara tatu, na kwamba ngazi za ofisi yake hazipandwi na watu wa tangi. Mzee Sabuni akasema, "Kesho rudi kazini. Glavu zitakuwepo. Na madirisha haya yang'olewe misumari." Kisha, kwa taabu kama mtu anayemeza kidonge bila maji, akasema, "Nisamehe."

Mchungaji akamshukuru. Lakini akamwambia vilevile kwamba barua ya kwenda kwa mkaguzi wa kazi wa serikali, yenye sahihi za akina mama wote saba, ilikuwa imeshaandikwa na ingepelekwa kesho yake kama ilivyopangwa. Uso wa Mzee Sabuni ukarudi kuwa mgumu. Akauliza kama hawamwamini.

"Tunakuamini," alisema mchungaji. "Na mkaguzi tutamwita. Wewe unaweza kuugua, unaweza kuuza kiwanda, unaweza kusahau. Toba yako ni yako na Mungu. Usalama wao lazima uandikwe mahali."

Mkaguzi alikuja baada ya wiki mbili, mwanamke mfupi mwenye daftari nene, asiyetabasamu hata kidogo. Nilimpenda papo hapo. Aliagiza feni za kutolea mvuke na nyavu za madirishani, akampa msimamizi onyo la maandishi. Mzee Sabuni aliendelea kukaa kiti chake cha mbele. Kwa Jumapili kadhaa alikuwa akinikodolea macho kila niliposimama kusoma, na sikumlaumu.

Asubuhi ya Ijumaa ile ambayo Mama alirudi kazini, nilimsaidia kufunga vifungo vya blauzi. Nilimwambia kwamba nimeamua kuacha kabisa kushuku watu, kwa kuwa shuku zangu zimetuletea balaa. Nilidhani atafurahi.

Mama akatikisa kichwa. "Usiache," alisema. "Ungekuwa mtoto wa kuamini kila kitu, usingeona karatasi zikiingia mfukoni, na watu wanaoona hivyo wanahitajika. Lakini ukishuku jambo, nenda kwa mwenyewe umuulize, kabla hujalipeleka kwa Redio. Na ukitaka kumtetea mtu, muulize kwanza yeye anataka atetewe vipi. Mchungaji alikwenda kwenye nyumba sita kuuliza. Wewe ulikuwa na nyumba moja tu, tena unalala humo humo, na hukuuliza. Kumwombea mtu ni vizuri, kumpigania ni vizuri, lakini usimfanye mtu bendera yako. Shida ni yake, na neno la kwanza ni lake."

Nilikuwa nimeisoma shida ya mama yangu kwenye karatasi, nikaisoma kanisani, nikaieleza kwenye milango sita na kwenye ofisi ya ghorofani. Katika siku zote hizo sikuwa nimeketi naye hata mara moja nikamuuliza.

Niliishika mikono yake, kwa ncha za vidole nisimwumize.

"Mama, inauma vipi?"

Alitazama saa, akaona bado ana dakika chache. Akaketi kitandani, akanivuta kando yake, akaanza kunieleza.